Kata tikiti mara tatu, kisha uniambie hesabu haina kazi

Ukishuka Kambu, pale Mombasa Road kati ya Kibwezi na Mtito Andei, nunua tikiti maji. Chagua la duara, wachana na lile refu. Omba kisu. Kata katikati upate nusu ya juu na nusu ya chini, zishikilie pamoja, kisha kata kutoka juu hadi chini mara mbili kwa msalaba. Una vipande vinane sawa. Usile kwanza. Angalia ganda la kipande kimoja: ni pembetatu, na kila kona yake ni digrii 90. Jumlisha. Ni 270.

Si tuliambiwa pembe za pembetatu ni 180, ukipata jibu lingine unakaa chini kwa aibu? Mwalimu hakutudanganya. Alikuwa anaongea kuhusu ubao, na ubao ni bapa. Tikiti limepinda.

Mambo haya niliyasikia chuoni mwaka wa pili, wiki chache kabla karo inishinde nirudi nyumbani. Kwa hivyo nikwambie mapema, sina digrii, isipokuwa hizo 270 za tikiti. Lakini nimekuwa nikisoma hii kitu usiku kwa simu tangu hapo, na kuna neno nataka kukwambia, hasa kama una mdogo wako aliye karibu kuchagua masomo ya sekondari pevu.

Anza na Bernhard Riemann, Mjerumani, mtoto wa mchungaji, familia isiyo na pesa. Mwaka 1854 alitoa mhadhara kuhusu jinsi ya kupima vitu vilivyopinda, hata vile ambavyo huwezi kuviona kutoka nje kama unavyoona tikiti. Ungemuuliza itamsaidia nini, sidhani angekuwa na jibu. Alifariki 1866 akiwa na miaka 39. Baadaye Albert Einstein alikuwa akitafuta lugha ya kueleza mvutano, ile nguvu inayoangusha embe, akaikuta kwa Riemann. Kwa Einstein, embe halivutwi na kamba isiyoonekana. Dunia imepinda nafasi na wakati vilivyoizunguka, embe linafuata mkunjo huo.

Utasema hiyo ni story ya Wazungu wa kale. Sawa, toa simu yako. Setilaiti zinazoiambia simu hiyo uko wapi hubeba saa, na saa hizo hukimbia kuliko za huku chini kwa sehemu 38 hivi za milioni ya sekunde kila siku. Sababu kubwa ni kwamba huko juu mvutano wa dunia ni hafifu zaidi. Zisiporekebishwa kwa hesabu za Einstein, kosa litakua kwa takriban kilomita 10 kila siku. Lori limeegeshwa Kambu, mwenyewe Mombasa anaambiwa limeingia porini. Siku inayofuata limezidi kupotea.

Sasa hii sehemu inayoniuma. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kabisa kutengenezewa kazi ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Kwa sababu ya siku hiyo na mahali hapo, waliipa jina Uhuru. Neno letu, bana, likazunguka dunia.

Uhuru ilihesabu vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kinajulikana tangu 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba miale yake inapepesa upesi sana, chini ya sekunde moja. Fikiria hapo kidogo. Nuru yenyewe inahitaji muda kuvuka kitu. Kitu kikubwa kama jua hakiwezi kuwaka na kufifia chote kwa ghafla namna hiyo, kwa hivyo kinachopepesa ni kidogo. Lakini uzito wake ni mkubwa kupita kiasi. Hesabu za 2021 zinasema ni kama mara 21 ya jua. Kitu kidogo, kizito hivyo, ni nini? Ni shimo jeusi, mahali ambapo ule mkunjo wa Riemann umezidi hadi nuru ikiingia haitoki. Wanajiometri walikuwa wamelichora shimo hilo kwa kalamu tangu 1916, wengi wakidhani ni mchezo wa karatasi tu.

Data ilisomwa wapi? Cambridge, kule Massachusetts. Kiongozi wa mradi, Riccardo Giacconi, akapata Nobel mwaka 2002. Sina kinyongo naye, alifanya kazi. Lakini sisi tulitoa bahari na jina.

Na mambo hayakuishia hapo. Kuna wanafizikia wanaosema kila kitu ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, na ili hesabu zao zikubali wanahitaji pande sita zaidi za nafasi, zilizokunjwa ndani ya maumbo yanayoitwa Calabi-Yau. Wakagundua kwamba maumbo hayo huja kwa jozi, kama mtu na kioo chake: swali gumu kwa umbo moja ni rahisi kwa lile lingine. Mwaka 1991 Philip Candelas na wenzake walitumia ujanja huo kuhesabu mikunjo ya aina fulani ndani ya umbo moja. Wakapata 317,206,375. Wanahisabati wawili wa Norway waliokuwa wamehesabu kwa njia ya kawaida walikuwa na jibu tofauti kabisa. Wakarudi kwa kompyuta yao, wakakuta programu ndiyo ilikuwa na kosa. Wanafizikia walikuwa sahihi! Hakuna jaribio lililothibitisha kwamba nyuzi hizo zipo. Lakini ile jiometri ya vioo imesimama, na watu bado wanaichimba mpaka leo.

Turudi nyumbani. Mwaka 2025 kulikuwa na kelele kwamba hesabu ingekuwa ya hiari sekondari pevu. Waziri Julius Ogamba akatangaza Aprili kwamba itabaki ya lazima, ila kwa sura mbili: nzito kwa wanaochukua sayansi, nyepesi kwa wengine. Si mpango mbaya. Wasiwasi wangu ni namna mtoto wa miaka 14 au 15 anavyochagua. Huku kwetu anachagua kwa swali moja tu, "itanisaidia nini?", na anayemjibu ni sisi, kaka na dada tuliochapwa na maisha. Tunamwambia achukue ile nyepesi. Mimi pia nimewahi kumwambia mtu hivyo.

Najua utanijibu kwamba Kambu inataka maji kwanza, na jiometri haichimbi kisima. Kweli, haichimbi. Sisemi kila mtoto awe mwanahisabati. Nasema tusimfungie mlango kwa sababu sisi hatuoni chumba kilicho nyuma yake.

Na chumba chenyewe si lazima kiwe Massachusetts. Kigali kuna taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi, EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2018. Inashirikiana na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, ambacho Mpakistani Abdus Salam alikianzisha 1964 akiwafikiria watu wa nchi kama zetu. Wanafundisha hadi uzamili na uzamifu. Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho tu.

Mdogo wangu yuko gredi ya nane. Nilimwonyesha lile tikiti Desemba, tukala ushahidi wote. Juzi amenipigia akitumia simu ya mama: eti tikiti likiwa refu, si duara, je, kona bado zinafika 270? Nimemtumia pesa ya tikiti moja refu. Nangoja anipigie.