Gari la Kale Limehifadhiwa, Maneno Yake Je?

Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ina hekima yake, ila aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huigeuza kuwa kisingizio cha kutoyatazama ya jana. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa motokaa za mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo wengi wetu huziona kama michezo ya matajiri, zimebeba sehemu ya historia ya lugha yetu. Sehemu hiyo inapotea mbele ya macho yetu.

Nilihudhuria maonyesho ya magari ya kale jijini Nairobi. Miongoni mwa magari yaliyokuwapo lilikuwamo Ford Model T, shaba yake imesuguliwa ikang'aa kama kioo. Kijana mmoja alikielekeza kidole kwenye chuma kilichopindwa, kilichochomoza chini ya rejeta, akauliza kina kazi gani. Kibao kando ya gari kilieleza mwaka wa kuundwa na nguvu za injini. Chuma kile hakikutajwa. Mzee aliyekuwa kando yetu, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwenye malori, ndiye aliyejibu: "Hiyo ni hendeli, mwanangu. Hapo ndipo tanboi alipopatia mkate wake, na ndipo alipovunjikia mkono." Kijana alicheka. Yeye alidhani tanboi ni mtu wa kupakia na kupakua mizigo tu.

Mzee yule hakutia chumvi. Model T liliundwa nchini Marekani tangu 1908 hadi 1927, na zaidi ya magari milioni 15 yakatoka viwandani. Mwaka wa 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, Henry Ford alianzisha utaratibu wa gari kusogezwa mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akitia kipande chake. Muda wa kuunganisha fremu na mitambo ya gari ukapungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Bei nayo ikashuka, na gari likawafikia watu wa kawaida nchini humo. Hata hivyo, mtu alilazimika kusimama mbele ya gari na kuizungusha injini kwa mkono. Dereva aliposahau kuchelewesha cheche kwa kijiti kilicho kando ya usukani, injini iliweza kurudi nyuma kwa kishindo na kuuvunja mkono wa mzungushaji. Mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kutumia mtambo wa umeme wa kuwasha gari, uliobuniwa na Charles Kettering. Ford walianza kuutoa katika Model T mnamo 1919. Polepole hendeli ikaingia kaburini.

Neno tanboi, hata hivyo, halikuzikwa nalo. Asili yake, kama wanavyoeleza wazee wa kazi hiyo, ni Kiingereza: "mvulana wa kuzungusha". Tulitazame kwa makini neno hili. Mtu mzima, pengine mwenye mke na watoto, aliitwa mvulana na mwajiri wake kwa sababu ya rangi na cheo. Sisi wa fasihi huchambua riwaya nzima tukisaka uhusiano wa bwana na mtwana katika mazungumzo ya wahusika. Uhusiano uo huo umejificha katika neno hili moja, nasi hulitamka kila siku bila kulishtukia.

Tanboi hayuko peke yake. Neno gari lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi kabla ya motokaa kuzoeleka. Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, na gari la moshi lilikuwa limekwisha kufika Kisumu mwaka wa 1901. Usukani ulitoka baharini: kabla ya kushikwa na dereva ulikuwa mikononi mwa wanamaji. Kuwasha na kuzima ni vitenzi vya moto na taa, navyo vikapewa injini. Taa zenyewe za magari ya awali, Model T likiwamo hadi kufikia 1915, ziliwaka kwa gesi itokayo kwenye kabaidi iliyodondoshewa maji. Neno karabai, tulilozoea kulitumia kwa taa ya pampu, limebeba jina la kabaidi hiyo. Na motokaa? Ni neno la Kiingereza lililovalishwa kanzu ya Kiswahili, lakini sikio la Mswahili hulisikia moto, tena hulisikia kaa la moto.

Ni nani aliyeyafanya haya yote? Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka wa 1930, wakati motokaa zilikuwa zimekwisha kutifua vumbi la nchi hii kwa miaka mingi. Maneno hayakusubiri kamati. Yaliundwa na madereva, makanika na matanboi waliohitaji kuelewana upesi kabla gari halijateremka bondeni.

Katika makutano ya Kenyatta Avenue na Koinange Street, Nairobi, kuna nguzo ya ukumbusho wa Lionel Douglas Galton-Fenzi, anayesifiwa kwa safari ya kwanza ya motokaa kati ya Nairobi na Mombasa, mwaka wa 1926. Simnyimi sifa yake, maana barabara ya kustahiki jina hilo haikuwapo. Ila wenye magari walijengewa nguzo. Wazungushaji wa hendeli hawakujengewa hata kibao. Kumbukumbu yao ni maneno waliyotuachia. Tukiyaacha yafe, tumewazika mara ya pili.

Najua pingamizi zitakazozuka. Nilipodokeza mada hii kwa mwanachuoni mmoja, aliniambia kuwa hiyo ni kazi ya makanika wala si ya mwanafasihi. Wengine watasema magari haya ni mabaki ya ukoloni, na kwamba mwanafunzi asiye na nauli ya matatu hana haja nayo. Kwao wote nina jibu moja. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka wa 1728 kwa hati za Kiarabu, ungekuwa michoro tu kwetu kama wasingekuwapo waliojua kuusoma. Model T nalo ni hivyo hivyo. Lina pedali tatu: ya kushoto ya gia, ya kati ya kurudi nyuma na ya kulia ya breki, ilhali mafuta huongezwa kwa mkono. Dereva hodari wa leo akiketi humo ataduwaa. Chuma bila mjuzi wake ni hati isiyo na msomaji, na ujuzi huo hukaa katika maneno.

Basi nini kifanyike? Kwanza, chama chetu kitenge likizo moja ya wanachama kwenda kwenye gereji za jua kali na majumbani mwa madereva wastaafu, wakiwa na kinasa sauti na daftari. Pili, idara zetu zizikubali kazi za namna hii kuwa utafiti halali, sawa na ukusanyaji wa ngano na vitendawili. Tatu, waundaji wa istilahi wawaulize makanika kwanza kabla ya kubuni neno jipya ofisini. Na waandaaji wa maonyesho waweke maelezo ya Kiswahili kando ya magari hayo, hendeli ikitajwa kwa jina lake.

Gari laweza kusubiri: likitiwa mafuta na kufunikwa turubai, litakuwapo hata miaka 50 ijayo. Mzee niliyemkuta pale hatafunikwa turubai. Nami, kwa aibu yangu, niliondoka bila kumuuliza zaidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.