Kuumwa na Mbwa na Kumchagua Wakili

Ndugu msomaji, ukiumwa na mbwa wa jirani ukielekea swala ya alfajiri, tangulia kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Hifadhi karatasi zote.

Mwenye mbwa akikataa suluhu, sheria ya Kenya yakupa miaka 3 kudai fidia. Basi usimfuate dalali akungojeaye mlangoni mwa hospitali. Chagua wakili mwenye leseni ya mwaka huu, akuelezaye ukweli wa kesi hata usipokupendeza. Ujira wake muandikiane, kama Qurani ilivyotuamrisha katika deni. Haki hupotea kwa pupa kuliko kwa hukumu. Wallahu aalam.