Fundi wa miti wa muji: ni formasio gani inayofaa feza yake?

Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia: kila muji uko na watu wanaoitwa wakati muti unainamia nyumba. Wanapanda na kamba, wanashusha matawi, wanalipwa siku ile ile. Wengi walijifunza kwa kaka ao kwa jirani, bila shule. Sasa wamoja wao wanajiuliza kama inafaa kurudi kwenye masomo, tena masomo gani. Jibu si moja. Kuko brevé inayookoa maisha, kuko ile inayofungua mulango wa kontra, na kuko ile inayokula tu feza ya nyumba.

Kazi isiyo na shule yake

Watu mingi wanachanganya fundi wa miti na mupasua-mbao wa pori. Kazi hizi mbili hazifanane. Mupasua-mbao anaangusha muti wote mara moja, mahali penye nafasi. Fundi wa muji anafanya kazi akiwa juu, kipande kwa kipande, sababu chini kuko mabati, ukuta wa jirani na meza ya mama muuza unga, na pembeni kunapita nyaya za umeme.

Ufaransa, kazi hii iko na cheti chake cha leta, na mwenye nacho anaitwa "arboriste élagueur". Kwetu, fundi hawezi kungoja karatasi yenye jina kama lile. INPP, shirika la leta la formasio lililoanzishwa mwaka 1964, inajulikana zaidi kwa umeme, mekanika, ujenzi, useremala na kazi zingine za mikono. Kwa hiyo mwenye kutaka kuendelea analazimika kujijengea ujuzi wake kwa vipande, na kuchagua kipande gani kinatangulia.

Muteja njo anaamua bei ya karatasi

Mwenye parsele haombi diplome. Anauliza bei, na anauliza kama fundi atabeba matawi ao atayaacha pale. Kwa muteja wa namna hiyo, brevé haiongeze hata franka moja. Kinacholeta kazi ni jina zuri kwenye avenyu.

Wateja wengine hawako vile: shule kubwa, parokia, hospitali, hoteli za kando ya ziwa, ONG na sosiete za umeme. Hao wanaandika kontra, na muti ukianguka vibaya wanatafuta mwenye kujibu. Lakini hata hao, mara nyingi kitu cha kwanza wanachoomba si diplome. Wanaomba namba ya RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi. Fundi anayelipa formasio ya bei kali bila kuwa na karatasi hizo anaweza kukuta mulango umefungwa sawa vile mwanzoni. Kwa yule anayelenga kontra, kuandikisha kazi kunatangulia.

Kipande cha kwanza: kurudi nyumbani muzima

Kwa fundi anayepanda kila wiki, formasio ya usalama njo yenye faida kubwa, hata kama hakuna muteja anayeiomba. Tronsoneze iko na tabia moja inayoua: sehemu ya juu ya ncha ya chuma kinachobeba munyororo ikigusa kitu kigumu, mashine inaruka nyuma kuelekea uso ao shingo, haraka kuliko mutu anavyoweza kuepuka. Mwenye kuishika na mukono moja akiwa juu ya tawi hana kitu cha kuizuia. Formasio nzuri inafundisha namna ya kushika, kunoa munyororo, kuangalia breki yake, na kujifunga mahali mbili wakati wa kukata, sababu kamba moja inaweza kukatwa na mashine yenyewe.

Vifaa navyo vihesabiwe ndani ya bei ya masomo. Suruali ya kazi hii iko na nyuzi ndani zinazokamata munyororo na kuusimamisha. Kofia ngumu, kinga ya macho na ya masikio, mukaba wa kupandia: bila hivyo, mafunzo yanabaki kwenye daftari.

Umeme ni hatari ingine. Tawi bichi lenye maji linapitisha umeme, na kamba yenye kulowa pia. Fundi hapaswi kuamini kwamba waya umekufa sababu tu kartie iko gizani: umeme unaweza kurudi wakati wowote. Ni mwenye laini, SNEL ao Virunga Énergies kufuatana na mahali, njo anapaswa kukata umeme na kuhakikisha umekatwa. Fundi aliyesoma misingi ya umeme hapati ruhusa ya kugusa laini. Anapata akili ya kukataa kupanda.

Mwisho, huduma ya kwanza. Croix-Rouge inafundisha kazi hiyo nchini. Ni masomo mafupi, na ni vizuri yafuatwe na timu yote, hata kijana anayevuta kamba chini, sababu mwenye kuumizwa juu hawezi kujifunga jeraha peke yake.

Sababu ya kuweka usalama mbele ni ya feza pia. CNSS inahudumia ajali za kazi za wale ambao patro wao amewaandikisha na analipa. Fundi anayejitegemea akianguka, ni familia inayouza mbuzi ao parsele.

Kipande cha pili: kujua muti

Ujuzi huu haupatikane kwa kupanda tu. Mutaalamu wa Marekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba muti hauponye kidonda kama ngozi ya mutu: unakizungushia ukuta ndani na kuendelea kukua pembeni. Kwa hiyo tawi halikatwe sawasawa na shina. Linakatwa inje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye mwanzo wake. Tawi zito linakatwa mara tatu: kwanza chini kidogo, kisha juu likianguka, mwisho kisiki kinachobaki. Vile haliwezi kuvuta ganda la shina lote.

Kukata kichwa cha muti, ginsi inavyofanyika kila mahali, kunazaa machipukizi mingi yenye kushikwa vibaya. Miaka michache kisha, njo yanayoanguka juu ya mabati. Kwa Bukavu kuko tena jambo la muteremuko: mizizi inashika udongo, na kungoa muti juu ya kilima kunaweza kuongeza hatari ya udongo kuteremuka. Fundi anayeweza kumwambia mwenye parsele "huu tuupunguze, ule tuuache" anaanza kuuza shauri, si nguvu tu.

Diplome ya miaka, kwa nani?

Chuo Kikuu cha Kisangani kiko na fakilte ya mali asili. Kinshasa kuko ERAIFT, shule ya juu ya misitu iliyoanza mwaka 1999, kwa wale waliokwisha kumaliza chuo kikuu. Njia hizo zinafaa kijana mwenye diplome d'État anayetaka kuwa ajenti wa mazingira, mutafiti ao mukubwa wa mradi. Hazifundishe mutu kushusha tawi juu ya nyumba. Fundi wa miaka 35 mwenye watoto wane ajiulize kama anataka kuboresha kazi yake ao kuiacha.

Ng'ambo ya mupaka kuko vyuo vya misitu: Nyabyeya kule Masindi, Uganda, na Olmotonyi karibu na Arusha, Tanzania. Moshi kuko chuo cha viwanda vya mbao. Luga nayo ni bei: masomo ni kwa Kiingereza. Nchi hizo mbili ziko pia na utaratibu wa kupima ujuzi wa mutu aliyejifunzia kazini, bila kumurudisha darasani miaka. Cheti cha kimataifa cha ISA, kinachotambulika sana Marekani, kinaomba miaka tatu ya kazi ao masomo yanayolingana, mutihani, na kufanywa upya kila miaka tatu. Kwa mwenye kutaka kuhama, kinaweza kufaa. Kwa mwenye kubaki Katindo ao Kadutu, muteja hakijue.

Saini ya nani?

Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, swali hili limekuwa zito. Beni, Butembo na Bunia zilibaki upande wa Kinshasa. Karatasi iliyotiwa saini upande mumoja inaweza kuulizwa maswali upande mwingine, na banki zilizofungwa zimefanya hata kulipa masomo kuwe kazi. Ujuzi wa mukono unavuka mustari. Muhuri hauvuke sikuzote. Hiyo ni sababu ingine ya kutanguliza formasio fupi ya vitendo mbele ya diplome ndefu.

Mbele ya kulipa

Fundi aulize mambo tano. Mwalimu mwenyewe anapanda, ao anasoma tu kwenye karatasi? Siku ngapi ni za vitendo? Vifaa viko ndani ya bei? Nani anatia saini? Na muteja gani, kwa jina, atalipa zaidi sababu ya brevé hii? Kama swali la mwisho halina jibu, na masomo si ya usalama, feza ingoje.

Kuko pia njia ya kundi. Mafundi kumi wakichanga, mwalimu mumoja anaweza kuja kwao, kwenye miti yao wenyewe, na bei ikagawanywa. Na brevé yoyote watakayopata haiondoe sheria: Kodi ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaomba ruhusa kwa yule anayekata miti ya pori kwa biashara. Kujua kushika tronsoneze ni kitu kimoja, kuwa na haki ya kuangusha muti ni kingine.