Bei ya madini: na sisi tuandike

Ku migodi ya Masisi na Walikale, neno moja linatosha kumaliza mabishano. Mchimbaji anashusha mzigo, mnunuzi anaweka ku mizani, kisha anasema: «Bei imeanguka.» Imeanguka tangu lini? Kwa dola ngapi? Ku soko gani? Hakuna anayeuliza, maana hakuna mwenye karatasi ya kuuliza nayo. Mnunuzi peke yake ndiye ameandika.

Na ameandika kweli. Comptoir za Goma ziko na kompyuta, na ndani ya kompyuta muna jedwali: tarehe, kilo, teneur, bei ya dunia, makuta yaliyotoka. Kwa kubonyeza mara moja wanaona mwezi uliopita, mwaka uliopita, na mgodi upi unatoa mawe mazuri. Mchimbaji anakuja mbele yao na kichwa chake tu, na kichwa cha mtu aliyeshinda shimoni kutwa nzima hakiwezi kubeba hesabu ya miezi sita. Hapo ndipo tunapoteza, hata mbele ya mizani.

Tusifikiri kwamba bei ya London iko mbali nasi. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi kule Bisie, Walikale, sababu vita ilikuwa inakaribia. Mgodi ule peke yake ulikuwa unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Habari ikafika London, na bei ikapanda ikapita dola 35,000 kwa tani. Mwezi wa ine kampuni ikatangaza kurudi kazini polepole, na siku zilezile Marekani ikatangaza ushuru mpya kwa bidhaa za inchi nyingi: bei ikashuka kwa nguvu. Hofu ya kwetu ilibadilisha bei ya dunia nzima. Je, mwenye kuchimba kasiterite aliona faida ya siku zile? Kama hakuandika, hawezi hata kujua.

Mfano mwingine. Mwezi wa tatu 2022 bati ilipita dola 50,000 kwa tani. Mwezi wa kumi, mwaka uleule, ilikuwa chini ya 20,000. Na wazee wetu wanakumbuka coltan ya mwaka wa 2000: livre moja ya tantale ilifika karibu dola 300, vijana wakaacha mashamba na ng'ombe, kisha mwaka wa 2001 bei ikaanguka na madeni yakabaki. Bei ya madini inapanda na kushuka kama njia ya Sake kwenda Kitshanga. Mtu asiyejua yuko kwenye mupando ao kwenye muteremko atakopa siku mbaya na kuuza siku mbaya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme bati iko dola 30,000 kwa tani. Tani ni kilo 1,000, basi kilo moja ya bati safi ni dola 30. Kama kasiterite yako iko na teneur ya 65, zidisha 30 kwa 0.65: unapata dola 19.50 kwa kilo ya mawe. Hiyo si bei utakayolipwa. Kuna usafiri, kodi, kuyeyusha mawe, na faida ya kila mtu aliye njiani. Lakini sasa unajua safari inaanzia wapi. Ukilipwa dola 8, unajua 11.50 zimebaki njiani, na uko na haki ya kuuliza nani amekula nini.

Angalia pia teneur. Mnunuzi akisema 60 badala ya 65, masikio yanasikia tofauti ndogo. Kwa bei ile ya mfano ni dola 1.50 kwa kilo, na kwa mufuko wa kilo 50 ni dola 75. Wamama wanajua dola 75 ni nini ndani ya nyumba: ni minerval ya watoto, ni dawa, ni unga.

Kwa coltan giza ni kubwa zaidi, sababu tantale haiuzwi ku soko la London kama bati. Bei yake inapatikana ku majarida ya biashara ambayo msomaji analipa pesa nyingi. Basi hapo daftari letu wenyewe ndiyo taa ya kwanza.

Tunashauri hivi. Kila ekipi ya shimo iwe na daftari yenye safu saba: tarehe, kilo, teneur, jina la mnunuzi, bei kwa kilo, kilichokatwa, na bei ya dunia siku ile. Bei ya bati iko ndani ya mercuriale ambayo Wizara ya Biashara ya Nje inatangaza mara kwa mara. Aliye na simu ya intaneti aingize safu hizo ndani ya programu ya majedwali kama Excel. Itajumlisha yenyewe, itatoa wastani, itachora mstari wa bei. Kisha kooperative ikusanye kurasa za ekipi zote mahali pamoja, mtu aweze kupanga kwa jina la mnunuzi. Kama mawe ya shimo moja yanapata 65 kwa wanunuzi watatu, na kwa wa ine yanapata 60 kila mara, hakuna haja ya kugombana. Karatasi inasema.

Tunajua mipaka ya jambo hili. Jedwali halifukuzi bunduki, haliondoi barrière njiani, halizuii udongo kuanguka. Halitabiri bei ya kesho. Hata wakubwa wa London wanakosea. Tena daftari inayoonyesha nani amepata nini inaweza kuleta wezi, ndiyo maana ekipi itumie alama badala ya majina ya wachimbaji, na kooperative ifunge simu na kompyuta yake kwa neno la siri.

Lakini tunakataa wazo kwamba hesabu ni ya watu wa Goma na Kinshasa tu. Mfugaji wa Kirolirwe anajua kila ng'ombe wake anatoa litre ngapi asubuhi, na mnunuzi wa maziwa hawezi kumudanganya. Mbona kijana wake, akienda ku mgodi, akubali kuuza bila kujua?

Kwa viongozi wa kooperative tunasema: bandikeni mercuriale ku mlango, karibu na mizani, na mueleze kwa Kiswahili. Kwa watumishi wa SAEMAPE: fundisheni hesabu hii, ni kazi yenu kusaidia mchimbaji mdogo. Na kwa familia: muko na mtoto aliyesoma, anayejua kuandika vizuri? Mumupe daftari wiki hii. Mzigo unaofuata usiuzwe kabla haujaandikwa.