Hapa hatuna vyama, lakini makabila tunayo

Kwetu Mudhaibi, Oman, hakuna chama cha kuegemea. Wazee wetu waliotoka Unguja wanakumbuka vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi. Oman vyama haviruhusiwi. Kinachovuta kura ni kabila, na mara nyingi shauri limeshakatwa kwenye sabla, ukumbi wa mikutano ya kabila, kabla ya siku yenyewe.

Uchaguzi wa Majlis Shura (baraza la ushauri) wa Oktoba 2023 ulifanywa kwa programu ya simu, Antakhib. Nilimwona bibi mmoja akimkabidhi mjukuu simu na kitambulisho: "Nipigie huyo wetu." Huyo wetu anataka nini huko Maskati, hajui. Wagombea nao huahidi barabara na taa, ilhali hayo yana baraza lake la manispaa, linalochaguliwa kivyake tangu 2012. Shura hujadili rasimu za sheria na kuwahoji mawaziri wa huduma.

Basi mwongozo wa wapiga kura uwe ukurasa mmoja tu: wagombea wote kwa mpangilio wa alfabeti, si kwa ukubwa wa kabila, pamoja na elimu na kazi zao na majibu yao kwa maswali yaleyale. Upande mmoja Kiarabu, wa pili Kiswahili. Ugawiwe soko la Sinaw siku ya Alkhamisi, wanapokutana mabedui na watu wa mjini. Wagawaji watoke makabila mbalimbali. Akigawa wa upande mmoja, karatasi hata iwe safi vipi itaitwa kampeni. Na kabla ya kuchapa, iulizwe Wizara ya Mambo ya Ndani, ndiyo inayosimamia uchaguzi.