Picha ya Pili ya Kifundo cha Mkono na Thamani ya Bima ya Afya

Anayeanguka kutoka kwenye bodaboda hutanguliza kiganja. Miongoni mwa mifupa inayoweza kuvunjika ni skafoidi, mfupa mdogo ulio kwenye kifundo, chini ya kidole gumba. Uvimbe huwa mdogo, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza isioneshe ufa. Majeruhi huambiwa ameteguka, hukandwa, kisha hurudi kazini.

Hapo ndipo tatizo huanza. Damu huingia katika mfupa huo hasa kupitia ncha iliyo upande wa vidole. Ukivunjika, kipande cha pili huweza kukosa damu na kushindwa kuunga. Miaka ikipita, maungio husagika na baridi yabisi huingia. Mwashi hushindwa kushika mwiko, mkulima jembe.

Tiba ipo, ila hutegemea wakati. Mfupa uliopasuka bila kuhama mara nyingi huunga kwa plasta ngumu. Usipounga, daktari bingwa hupandikiza kipande cha mfupa na kukikaza kwa skrubu. Maungio yakishaharibika, hubaki kuondoa baadhi ya mifupa au kuigandisha ili kupunguza maumivu, na mkono haurudii wepesi wake.

Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Hata hivyo, manufaa ya sheria hiyo yatapimwa pia katika hospitali za wilaya: iwapo majeruhi mwenye shaka atafungwa plasta na kuitwa baada ya wiki mbili kwa picha ya pili. Picha hiyo ni nafuu kuliko upasuaji, na humwachia mwananchi mkono wake wa kazi.