Mapenzi Katika Riwaya za Mauaji

Kuna hoja ambayo imekuwa ikizunguka humu chamani, nayo ni kwamba mapenzi huiharibu riwaya ya upelelezi. Ati mpelelezi amtafute mwuaji, basi. Mambo ya wachumba yaachiwe vile vitabu vya kufichwa chini ya godoro. Mimi nasema la hasha! Shahidi wangu ni riwaya ya Agatha Christie, The A.B.C. Murders, iliyotoka Uingereza mwaka wa 1936.

Humo mna mwuaji anayemwandikia mpelelezi Poirot barua kabla ya kuua, akimtajia mji na tarehe. Anafuata alfabeti. Alice Ascher, bikizee mwenye kiduka cha tumbaku, anauawa Andover. Betty Barnard, mhudumu wa mkahawa, ananyongwa kwa mshipi wake mwenyewe ufuoni Bexhill. Wa tatu ni Sir Carmichael Clarke wa Churston. Kando ya kila maiti pana kitabu cha ratiba ya gari la moshi.

Sasa hebu fikirini. Msomaji akishaujua mpango huo, anaanza kuingojea D kama mtu anayengoja matatu kituoni! Watu wamegeuka herufi, na hivyo ndivyo anavyotaka mwuaji (sababu yake siitoi, kasomeni wenyewe).

Anayetuamsha ni Donald Fraser, mchumba wa Betty. Kijana mpole, lakini wivu wake si mchezo, maanake Betty alipenda kutoka na wanaume wengine. Je, ni yeye aliyemnyonga? Ndoto zake mwenyewe zinamtisha. Halafu yuko Megan, nduguye Betty, anayekataa kumsifu marehemu kwa uongo, na ambaye polepole tunaona moyo wake umemwelekea Donald. Basi hapo kila ukurasa tunaufungua kwa hofu, Poirot asije akamtaja kijana huyo. Bila mapenzi hayo B ingebaki B tu.

Lakini nina dai moja kwa mwandishi. Mumewe Bi. Ascher alikuwa mlevi wa kumtisha na kumdai pesa. Wa kumlilia ni mpwawe, Mary Drower, mtumishi wa nyumbani. Mary anaingizwa katika kundi la jamaa wanaomsaidia Poirot, kisha hapewi la maana. Nikikifunga kitabu namkumbuka Betty vizuri sana. Yule bikizee hunibidi nirudi nyuma nikatafute jina lake.